Jinsi ya kuuza kozi ya mtandaoni kabla ya kuirekodi, ili ujue kama ina wanunuzi

Walimu wengi wanaotaka kufundisha mtandaoni huanza kwa kurekodi. Hununua maikrofoni, hujifungia chumbani wiki kadhaa, huhariri video usiku baada ya kazi, na siku ya kutangaza hupokea pongezi nyingi na wanunuzi wawili au watatu. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine: tangaza kozi ambayo muhtasari wake umekamilika lakini masomo yake hayajarekodiwa, waambie watu wazi kwamba hayajarekodiwa, pokea malipo ya wale wanaoitaka kwa bei iliyopunguzwa, kisha idadi ya waliolipa ndiyo iamue kama utaitengeneza kozi hiyo au utarudisha fedha za watu.

Ninasisitiza malipo kwa sababu dalili nyingine zote za kupendwa ni dhaifu. Mwaka 2010 Joel Gascoigne, mwanzilishi wa Buffer, huduma ya kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii, aliweka mtandaoni ukurasa unaoeleza huduma ambayo alikuwa hajaijenga, na watu wakaacha anwani zao za barua pepe. Hakuridhika na hilo. Aliongeza katikati ukurasa wa bei ili aone nani angeendelea kubonyeza baada ya kujua gharama. Kwa kozi tunaweza kwenda hatua moja zaidi yake, kwa kuwa kulipa kwa simu ni jambo la dakika moja kwa mtu wa Mbeya sawa na mtu wa Kisumu, na anayeitaka kozi kwa dhati hana kizuizi kikubwa cha kulipa.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kozi ya wiki nne ya kuwafundisha wahazini na makatibu wa vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kutunza hesabu za kikundi kwa Excel au Google Sheets. Shida inayotatuliwa hapa inafahamika na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mgao, ambapo wanachama hugawana walichoweka. Hisa zimeandikwa kwenye vitabu vya wanachama, mikopo iko kwenye daftari kuu, faini na mfuko wa jamii viko kwenye karatasi nyingine, na siku ya kuvunja mzunguko jumla za maandishi hayo hazilingani na fedha zilizomo ndani ya sanduku la kufuli tatu. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, jambo lililoongeza thamani ya kumbukumbu safi. Msomaji wa Kenya anaweza kuweka neno chama mahali pa kikoba, na hesabu zikabaki zilezile.

Zungumza na wahazini kabla ya kuandika muhtasari

Tafuta watu wanane hadi kumi wanaobeba shida hiyo sasa hivi, na uzungumze na kila mmoja peke yake, ana kwa ana au kwa simu. Usiwaulize kama wangependa kozi, kwa maana mtu mstaarabu hatakujibu hapana. Waulize yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho mlipogawana, hesabu ilichukua siku ngapi? Nani aliifanya? Palitokea tofauti, na mliimalizaje? Mmewahi kumlipa mtu awasaidie?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mhazini akikuambia kwamba kila Desemba humpelekea daftari kijana wa duka la steshenari amchapie jedwali, na kwamba kikundi humlipa kwa kazi hiyo, umekutana na shida ambayo tayari inatolewa fedha. Akikuambia kwamba hesabu huwasumbua lakini hawajawahi kufanya lolote kuhusu jambo hilo, basi shida ipo ila wameizoea, na kumtoa mtu fedha kwa shida aliyoizoea ni kazi ngumu sana. Ukimaliza mazungumzo kumi na usimpate hata mmoja aliyewahi kutumia fedha, muda au hila yoyote kuikwepa shida hiyo, badilisha mada ya kozi kabla hujaendelea.

Andika maneno yao kama walivyoyasema. Mhazini hasemi kwamba anahitaji ujuzi wa majedwali ya kielektroniki. Husema kwamba amechoka kutiliwa shaka na wanachama. Maneno hayo yatakufaa utakapoandika tangazo.

Msimu nao uutazame. Vikundi vingi hugawana Desemba ili wanachama wapate fedha za sikukuu na ada za shule za Januari, hivyo kozi ya hesabu za mgao inayotangazwa Februari itamkuta mhazini amepumzika, na ukimya utakaoupata hautakuambia lolote la kweli kuhusu uhitaji. Mfano wetu unauzwa mwishoni mwa Septemba na kufundishwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba.

Ahadi, bei na idadi ya kuanzia

Ahadi ya kozi itaje kitu ambacho mwanafunzi ataweza kukifanya akimaliza, kitu ambacho yeye mwenyewe na wanachama wenzake wanaweza kukiona. Kwa mfano wetu: mhazini atatoa taarifa ya mgao ya kila mwanachama kutoka kwenye jedwali moja, ikionyesha hisa zake, deni lililobaki, faini na gawio lake. Kutoka hapo muhtasari unajipanga wenyewe: wiki ya kwanza ni hisa, ya pili ni mikopo, riba na marejesho, ya tatu ni faini na mfuko wa jamii, ya nne ni mgao. Ukurasa mmoja unatosha. Pamoja nao tengeneza somo moja fupi la bure, la dakika kumi hivi, likionyesha jedwali la hisa la kikundi cha kubuni likijazwa mbele ya mtazamaji, kwa kuwa mtu anayeombwa alipie kitu ambacho hakijakuwepo ana haki ya kuona kwanza kama unajua kufundisha.

Bei ya mauzo ya awali iwe chini ya bei ya kawaida, kwa kuwa mnunuzi anasubiri na anakuamini kabla ya kuona, lakini isishuke hadi ipoteze maana. Tuseme bei ya kawaida ni shilingi 40,000 na ya awali ni 25,000. Ukiuza kwa shilingi 5,000 utapata watu wengi zaidi, ila hutajua wamelipa kwa sababu wanaitaka kozi au kwa sababu elfu tano hutolewa hata kwa kukuonea haya. Ninashauri pia malipo yawe kamili. Mnunuzi akilazimika kutanguliza sehemu tu, isipungue nusu, na katika hesabu zako mhesabu kama nusu mtu mpaka amalizie.

Kisha weka idadi ya kuanzia, na uiweke kabla ya kutangaza, maana baada ya kutangaza moyo utakushawishi kuishusha. Hesabu yake si ngumu. Chukua gharama zote za kuendesha kozi mara ya kwanza, pamoja na thamani ya muda wako mwenyewe, ambayo wengi huisahau. Tuseme kazi yako ya maandalizi na ufundishaji unaithamini kwa shilingi 300,000, bando 40,000, kukodi maikrofoni na taa 60,000, na ada za miamala 20,000. Jumla ni 420,000. Gawanya kwa 25,000 upate 16.8, maana yake watu 17. Ongeza watatu kwa ajili ya wale watakaoghairi, idadi ya kuanzia iwe 20. Badilisha tarakimu hizi kulingana na hali yako, lakini andika matokeo mahali ambapo huwezi kuyafuta kimyakimya, na zaidi ya hapo yaandike ndani ya tangazo lenyewe.

Fedha za watu

Sehemu hii ninaiona kuwa nzito kuliko zote. Mtu aliyelipia kozi ambayo haijatengenezwa amekukabidhi amana, na mpaka umfundishe, fedha hiyo ni yake. Mtandaoni watu wameumizwa mara nyingi na matangazo ya kozi na fursa zilizopotea pamoja na fedha zao, kwa hiyo mwalimu mwaminifu anayeuza kabla ya kutengeneza anapaswa kuthibitisha tofauti yake kwa vitendo vinavyoonekana.

Pokea malipo kwenye namba ya biashara, Lipa Namba kwa Tanzania au Till kwa Kenya, badala ya namba yako binafsi. Mnunuzi anapoingiza namba hiyo huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika, na jina hilo lilingane na jina ulilolitaja kwenye tangazo; likiwa tofauti hata kidogo, lieleze tofauti hiyo ndani ya tangazo, kwa maana mtu mwangalifu atasitisha muamala hapo hapo, na atakuwa amefanya vema. Fedha ikiingia, usiichanganye na ya matumizi. Ihamishie kwenye akaunti isiyo na kazi nyingine na usiiguse hadi idadi ya kuanzia itimie; ikitimia, itoe kidogo kidogo kadiri wiki zinavyofundishwa.

Tunza orodha yenye jina la mnunuzi, namba ya simu aliyolipia, kiasi, tarehe na namba ya kumbukumbu ya muamala. Usimwingize mtu kwenye orodha kwa kuona picha ya ujumbe wa malipo aliyokutumia, kwa sababu picha hizo hughushiwa kwa urahisi. Tazama taarifa ya miamala ya namba yako mwenyewe. Ukishahakikisha, mtumie uthibitisho wa maandishi unaotaja kiasi alicholipa, tarehe ya kuanza na masharti ya kurudishiwa. Orodha hiyo ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, kama ilivyo sheria ya Kenya ya mwaka 2019, inataka zitumike kwa lengo ulilowaambia. Hii ina maana pia kwamba hupaswi kumtia mtu kwenye kundi la WhatsApp bila idhini yake, ambapo wageni wote wataiona namba yake. Kuhusu stakabadhi na kodi, ulizia ofisi ya TRA au KRA iliyo karibu nawe kabla ya kuanza kupokea malipo.

Masharti ya kurudisha fedha yawe mafupi kiasi cha kusomeka kwa pumzi moja: idadi isipotimia kufikia tarehe fulani, kila mtu anarudishiwa yote ndani ya siku tatu, kwa namba ileile aliyolipia; idadi ikitimia, anayeghairi kabla ya somo la tatu anarudishiwa yote pia. Gharama ya kutuma iwe juu yako. Mtu aliyelipa 25,000 apokee 25,000, isipungue hata shilingi, na ndiyo maana ada za miamala zimo ndani ya hesabu yetu ya awali.

Tangazo

Tangazo la mauzo ya awali lina wajibu mmoja ambao matangazo ya kawaida hayana: kusema waziwazi kwamba bidhaa bado haipo. Baadhi ya walimu huliogopa jambo hili na kulificha. Mimi naona linavuta imani, kwa sababu mnunuzi anayejua sababu ya punguzo haanzi kulitilia shaka. Kwa mfano wetu ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Ndugu mhazini, kuanzia tarehe 13 Oktoba nitaendesha kozi ya wiki nne kwa njia ya mtandao, itakayokufundisha kuweka hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii wa kikundi chako kwenye jedwali moja, na kumpa kila mwanachama taarifa ya mgao isiyoacha shaka. Masomo bado hayajarekodiwa; tutayafanya pamoja moja kwa moja, Jumatatu na Alhamisi saa mbili usiku, na utabaki na rekodi zake. Kozi itafanyika iwapo watu 20 watakuwa wamelipa kufikia tarehe 5 Oktoba saa sita usiku. Wasipotimia, kila aliyelipa atarudishiwa fedha yake yote ndani ya siku tatu. Bei kwa sasa ni shilingi 25,000. Baada ya darasa hili itakuwa 40,000. Somo la mfano na muhtasari nimeviambatanisha. Ukiwa na swali, nipigie au niandikie kabla ya kulipa."

Usiongeze saa ya kuhesabu kurudi nyuma wala madai ya nafasi chache zisizo chache. Tarehe ya mwisho inatosha, mradi uiheshimu.

Siku za mauzo

Ruhusu siku kumi hadi kumi na mbili, na zipange zivuke mwisho wa mwezi. Kwa mfano wetu ni kuanzia tarehe 25 Septemba hadi tarehe 5 Oktoba. Ukifungua tarehe 8 na kufunga tarehe 18, utakuwa umepima ukavu wa mifuko ya watu, wala hutajua lolote kuhusu uhitaji wao wa kozi.

Wa kwanza kupelekewa tangazo ni wale wahazini uliozungumza nao. Waandikie mmoja mmoja, ukitaja jambo walilokuambia. Kisha nenda kwenye makundi ambamo wahazini wanapatikana kweli, ukiomba ruhusa ya msimamizi. Ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, kumbuka kwamba ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na orodha moja haizidi watu 256. Mtu anayelalamika kwamba ametangazia mamia na hakuna aliyejibu, mara nyingi ujumbe wake haukuwafikia.

Majibu yatakayokuja yanahitaji kusomwa kwa makini. Atakayekuandikia kwamba kozi ni nzuri sana na Mungu akubariki, mshukuru, lakini usimhesabu. Atakayesema bado anajipanga, muulize kwa upole kama kinachomzuia ni fedha, muda au shaka, kwa kuwa kila jibu linakupeleka kwenye marekebisho tofauti: fedha inagusa bei au tarehe, muda unagusa ratiba, na shaka inagusa namna ulivyojieleza. Mkumbushe mara moja siku mbili kabla ya kufunga, kisha mwache.

Lipo jambo jingine, nalo kwetu ni kubwa. Sisi tumelelewa katika kuchangiana. Shangazi yako, rafiki uliyesoma naye na mtu uliyemchangia harusi wanaweza kulipa shilingi 25,000 bila nia yoyote ya kufungua somo hata moja, kwa sababu wanakuunga mkono wewe. Upendo huo ni wa kushukuriwa, lakini ukiuingiza kwenye hesabu utakudanganya. Weka safu moja zaidi kwenye orodha yako, inayoonyesha kama mnunuzi anakufahamu, na kama kweli ni mhazini au katibu wa kikundi. Ikiwa kati ya 20 waliolipa 14 ni ndugu na marafiki, soko limekupa watu sita, na ninakushauri uwaambie hao 14 ukweli na kuwarudishia kabla ya kuamua lolote.

Kufunga na kuamua

Tarehe ya mwisho ikifika, funga. Ukiisogeza mara moja, watu wote watajua kwamba tarehe zako husogea, na mauzo ya mara ijayo hayatakuwa na siku ya kuamua.

Idadi ikitimia, anza kazi usiku huohuo kwa kuwaandikia wote kwamba kozi ipo. Ikiwa waliolipa ni wachache mno, tuseme wanne, rudisha fedha na uyatazame maswali uliyopokea. Palipo na maswali mengi ya bei na ukimya baadaye, mada inapendwa lakini ahadi haijafikia thamani ya shilingi 25,000 machoni pao. Jaribu tena na ahadi iliyo kali zaidi, pengine jedwali lililo tayari pamoja na saa moja ya msaada kwa kila kikundi. Pasipokuwa na maswali kabisa, ama tangazo halikuwafikia wahusika ama shida hiyo haiwaumi, na mazungumzo yako ya mwanzo ndiyo yatakayokuambia ni lipi kati ya hayo.

Kinachosumbua zaidi ni idadi ya katikati, kwa mfano watu 13. Hapa usiwaburuze watu kwenye kozi utakayoifundisha kwa kinyongo. Waandikie hao 13 hali halisi na uwape njia mbili: kurudishiwa fedha kama ulivyoahidi, au kubaki katika darasa dogo la moja kwa moja, lisilo na video zilizohaririwa, ambalo gharama zake zinabebeka kwa idadi hiyo. Asiyejibu ndani ya siku tatu anarudishiwa. Wakibaki kumi kwa hiari yao, unao wanafunzi kumi wenye hamu, jambo ambalo walimu wengi hawalipati.

Ujumbe wa kurudisha fedha uwe mfupi na usio na lawama: "Ndugu, tulihitaji watu 20 na tumepata 9, hivyo kozi haitafanyika mwezi huu. Nimekurudishia shilingi 25,000 kwa namba uliyolipia. Asante kwa kuniamini. Muhtasari na jedwali la mfano ni vyako." Tuma fedha kwanza, kisha ujumbe.

Darasa la kwanza

Fundisha darasa la kwanza moja kwa moja, hata kama lengo lako ni kuwa na kozi iliyorekodiwa. Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40, kwa hiyo panga somo la dakika 35 na uache maswali kwenye kundi, au ulipie mwezi mmoja na uingize gharama hiyo katika hesabu ya mwanzo. Waombe wanafunzi walete madaftari halisi ya vikundi vyao, majina yakiwa yamefichwa. Utagundua mambo ambayo muhtasari haukuyaona: mwanachama aliyekopa juu ya mkopo, hisa zilizonunuliwa nusu, riba iliyosamehewa kwa mdomo bila kuandikwa popote. Kila jambo la aina hiyo liandikie somo lake, na usihariri video yoyote hadi wiki ya nne iishe, kwa kuwa nusu ya yale uliyotaka kuyarekodi mwanzoni utakuwa umekwisha kuyabadilisha.

Wiki ya nne ikiisha, hesabu wangapi wametoa taarifa ya mgao iliyokamilika, na umuulize kila aliyekwama alikwamia wapi. Kisha tangaza darasa la pili kwa bei kamili ya 40,000, kwa watu wasiokufahamu, ukiwa na mifano ya kazi za waliomaliza na ambao wamekuruhusu uionyeshe. Ukipata wanunuzi hapo, huo ndio wakati wa kununua maikrofoni.